Tutangoja Mpakani

Tunduma,
2 Juni 2024

Kaka Kasiani,

Shikamoo kaka, na wifi Ruti nampa shikamoo yake. Natumaini kahawa imeiva vizuri na kile kifua chako kimekuacha ulale. Sisi huku tu wazima, isipokuwa vumbi. Malori yamepanga mstari tangu mpakani hadi Chapwa, na kila yakisogea hatua moja sisi wenye migahawa tunakula moshi wao na wateja wetu wanakula vumbi letu.

Anayekuletea barua hii ni Raphaeli, dereva wa Coster ya Mlowo, unamfahamu, na aliyemshika mkono ni mwanangu Kabula. Najua sikukuuliza kwanza. Ningekuuliza ungenijibu kwa maswali, na mimi sina nafasi ya maswali. Naomba akae kwako wiki mbili, tatu zikizidi. Nina safari ndogo.

Hali maganda ya maharage, atayatoa moja moja na kuyapanga pembeni ya sahani, mwache. Bila ile kanga yangu ya kijani halali. Ametimiza sita mwezi wa nne lakini akili yake ina miaka mingi kuliko hiyo, kwa hiyo mbele yake muwe mnaangalia mnachosema.

Jambo moja kaka. Akikuuliza baba yake yuko wapi, mwambie yuko mpakani, kwenye foleni. Ndivyo nilivyomwambia mimi. Usiongeze neno.

Na usinipigie simu. Ukipiga atataka kuongea na mimi, na akiongea ataniuliza. Niandikie kama alivyokuwa akituandikia marehemu baba. Barua ziache kwa Deus, yule mwenye duka la vipuri karibu na geti la mpaka. Atazifikisha nitakapokuwa.

Mdogo wako,
Ikupa


Isansa,
16 Juni 2024

Mdogo wangu Ikupa,

Marahaba. Ruti anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka juzi. Anajua kwa mwandiko, anasema. Kahawa imeiva yote kwa mara moja kama iliyopewa amri, wachumaji hawatoshi, na mashine ya kumenyea imeamua mwezi huu ndio wa kuharibika. Kifua ni kilekile.

Mtoto alifika salama. Raphaeli anasema njia nzima aliuliza kila lori walilopishana nalo linatoka wapi. Asubuhi ya kwanza aliwaendea wanawake wanaochuma kahawa akawaamkia "mwangaluka", kama alivyofundishwa na bibi yake Msukuma kule bondeni Momba, na wale wanawake wakanigeukia mimi kuona nitasemaje. Sasa nusu ya wachumaji wanaamkiana hivyo.

Akaniuliza habari za baba yake, nami nikamjibu kama ulivyoagiza. Akasema, "Najua. Foleni ni ndefu." Basi, akaendelea kutoa maganda ya maharage. Lakini mimi sina miaka sita, Ikupa. Mumeo Ngusa aliondoka na lori la watu mwezi wa pili. Hebu niambie ni foleni gani hiyo ya tangu mwezi wa pili. Na safari yako ndogo inaelekea wapi?

Lingine ni la kuchekesha. Alhamisi kwaya ilikuja kwangu kwa mazoezi tukaimba ule wimbo wangu wa Majilio, unaukumbuka:

Taa hatuzimi, mlango hatufungi,
tutangoja, tutangoja,
tutangoja mpaka urudi.

Kesho yake namsikia Kabula uani anauimba wote, sauti imenyooka, hakosei noti hata moja. Isipokuwa mwisho. Anaimba, "tutangoja mpakani, rudi." Nikamwita nikamweleza kwamba hapo "mpaka" si ule wa Tunduma, maana yake ni hadi, hadi Bwana atakapokuja. Akanisikiliza kwa adabu. Akarudi uani akaimba "mpakani, rudi." Nikamrekebisha tena. Mara ya tatu nilipaza sauti kidogo, nakiri. Wimbo huo nimeufundisha miaka kumi na sita na hakuna aliyewahi kuniharibia neno.

Wazee wa kanisa wanataka wimbo mpya kwa ajili ya mkutano wa kwaya wa Majilio. Nitautunga. Ni kazi za kahawa tu zinazonibana.

Kaka yako,
Kasiani


Kitwe, Zambia,
21 Julai 2024

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Barua yako nimeipata baada ya wiki nne, imepita mikononi mwa madereva watatu na mmoja wao aliitumia kuwekea kikombe. Wifi mwambie sijakonda. Huku baridi ni kali kama huko kwetu. Watu wanasalimiana "mulishani" na mimi najibu kama mwenyeji, lakini nikiongeza neno la pili wananijua.

Umeshaona hapo juu nilipo. Ngusa hajapiga simu tangu tarehe kumi na tisa mwezi wa pili. Tajiri wa lori anasema gari lilirudishwa na dereva mwingine. Lori limerudi, kaka, dereva wake hajarudi. Madereva waliokuwa wakila kwangu kila wiki, watu wa mizaha mingi, nikiwauliza habari za Ngusa wanaangalia ugali. Ningekaaje Tunduma nawapikia watu wanaojua na hawasemi? Nilikuwa naamka kila honi ikilia. Bora nitembee.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utakachosema. Utasema hutasema, na ndani ya kutosema kwako nitalisikia lile "nilikwambia" lako.

Nimecheka sana habari ya mpakani. Nilicheka peke yangu kwenye kituo cha mabasi hadi mama mmoja akanisogelea kunipa pole. Kaka, yule mtoto amezaliwa Tunduma. Neno mpaka kwake lina geti, lina askari, lina wauza maji. Unataka alijulie wapi hilo lako lingine? Usimrekebishe sana. Mtoto yule ukimpazia sauti halii, ananyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kilio.

Wimbo mpya ukiutunga niandikie maneno. Ule wa harusi yangu bado nausubiri, mwaka wa saba huu. Natania.

Kesho naenda kumwona mtu mmoja aliyeniambia anamfahamu mtu.

Ikupa


Isansa,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mashine imetengenezwa, kahawa iko juu ya chanja inakauka, na mbuzi wa jirani ameila kiasi cha kumfanya asilale, yeye na jirani mwenyewe. Mtoto nimemwandikisha darasa la awali hapa hapa, maana naona wiki zako tatu zina miezi ndani yake. Mwalimu anasema anajua kuhesabu hadi mia, ila anahesabu kwa matairi.

Ulichonionya kimetokea. Tangu nilipompazia sauti, haimbi. Si "mpaka" wala "mpakani". Anaitika akiitwa, anakula, anatoa maganda, lakini uani kumekuwa kimya. Nilimwambia aimbe anavyotaka, akasema, "Mjomba, nimesahau." Hajasahau. Namwona midomo inacheza.

Badala yake amepanga magunzi ya mahindi kutoka mlangoni hadi kwenye chanja za kahawa, mstari mmoja mrefu, arobaini na saba. Ni malori. Kila asubuhi kabla ya shule anayasogeza yote hatua moja kuelekea mlangoni, na kila moja likifika anaweka jingine nyuma, kwa hiyo foleni haipungui. Gunzi kubwa la katikati ni baba yake. Nilipomwambia kwamba mama amemfuata baba, akatafuta gunzi dogo akaliweka nyuma ya lile kubwa. Hayo mawili hayafiki. Kila yakikaribia anayarudisha nyuma kidogo, anasema bado makaratasi. Wachumaji wote wanayakwepa. Hata mimi nayakwepa, na juzi nimemfokea mzee wa kanisa aliyelipiga teke moja.

Hilo la harusi si utani, tusidanganyane. Nilikuwa na safari ya kwaya siku ile, Igamba, unajua.

Umempata?

Kasiani

Wifi, ni mimi Ruti, nimeichukua kabla hajaifunga. Kaka yako hatakwambia. Hajatunga wimbo miaka minne sasa. Kila jioni anakaa na daftari la noti, anapiga mistari kwa rula, anaandika tarehe, analifunga. Kahawa haihusiki. Kwaya wameanza kusema watafute mwalimu mwingine, na yeye amejibu watafute. Mtoto alimfungulia lile daftari mbele ya watu akasema, "Mjomba, mbona tarehe tupu?" Wewe uliyeko huko rudi, huku kila mtu amenyamaza na mimi nachoka kuongea peke yangu.


Kitwe,
8 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nimemwona. Ni mzima. Basi.

Usiniulize chochote kuhusu hilo, na mtoto asiambiwe kitu. Mwambie makaratasi, kama anavyosema mwenyewe.

Siwezi kurudi sasa. Nimepata kazi ya kupika kwenye mgahawa, naujua moto wa kila nchi. Wifi nimeisoma nyongeza yako, nashukuru, nisamehe. Kila asubuhi nafunga mkoba, na kila jioni naufungua natoa nguo ileile. Nifike Isansa nisimame wapi? Mlangoni kwa kaka ambaye alijua tangu mwanzo?

Kabula mpake mafuta miguuni, baridi ya huko inampasua visigino.

Ikupa


Isansa,
6 Oktoba 2024

Ikupa mdogo wangu,

Visigino vimepakwa mafuta. Mvua ya kwanza ilitugusa katikati ya mwezi wa tisa na kahawa imechanua, shamba zima jeupe, harufu inaingia hadi kwenye uji. Ruti anakohoa kwa ajili ya maua na anakataa kukiri kwamba ni maua.

Sikuulizi. Nakueleza tu yaliyonipata, kwa sababu yamenikosesha raha siku tisa na sina mwingine wa kumweleza ambaye hatanicheka. Wewe utanicheka ukiwa mbali.

Ijumaa ile kahawa ilipochanua, Kabula alitoka nje asubuhi akaona shamba jeupe. Akasimama. Hakuwa amewahi kuona. Kisha akaanza kusogeza magunzi, na huku akisogeza akaimba. Kwa sauti, si kwa midomo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na kikombe cha chai, nikaogopa hata kumeza. Akafika mwisho: "tutangoja mpakani, rudi." Akasogeza lori. Akaanza upya.

Sikumrekebisha, Mungu shahidi. Lakini mkono wangu ulikuwa unapiga mapigo kwenye ubao wa mlango, ni mazoea, na mkono ukanigutusha. Noti ya juu kabisa ya wimbo ule, ile ambayo soprano huwa wanaikunjia uso, nimeiweka kwenye "ka". Tutangoja mpaKA urudi. Sasa nani katika nchi hii anasema mpaKA? Watu wanasema mPAka. Miaka kumi na sita nimewafundisha watu wazima kulikaba neno shingoni. Jaji mmoja wa mashindano ya Vwawa aliniandikia, "Maneno yanapigana na noti," nikaikunja karatasi yake nikasema ana wivu. Lakini ukisema mpakani, sauti yenyewe inapanda kwenye "ka". MpaKAni. Mtoto hakusikia vibaya. Alisikia kile ambacho noti zangu zilikuwa zinasema, akaweka neno linalofaa. Aliyekosea ni mimi, na nikampazia sauti kwa kosa langu.

Nilikaa kwenye kizingiti. Akaja akaniuliza, "Mjomba unaumwa?" Nikamwambia aniimbie tena, polepole, niandike. Akaimba. Nikaandika. Halafu akasema wimbo ni mfupi, wa kwenye foleni watachoka. Nikamuuliza tuwaongezee nini. Akafikiri, akasema, "Waambie chai ipo." Ikupa, nimeandika ubeti. Wa kwanza tangu mwaka wa elfu mbili na ishirini. Ni huu:

Foleni ni ndefu, chai ipo jikoni,
wa mwisho akifika ataikuta ya moto.

Wasomi wa kwaya watasema haujakaa kikanisa. Wanyamaze.

Sasa nikwambie na la pili kwa sababu nikilala nalo tena sitalala. Siku ya harusi yako hakukuwa na safari ya kwaya Igamba. Hakukuwa na kitu chochote Igamba. Nilikaa nyumbani nimevaa suti. Nilikuwa nimesema mbele ya ukoo kwamba binti wa hapa haolewi na mchunga ng'ombe aliyegeuka dereva, na nilipotaka kuyarudisha maneno yangu sikupata njia ya kuyarudisha bila watu kuniona. Wimbo wako niliutunga. Niliuchana. Kwa hiyo usiseme nilijua tangu mwanzo. Sikujua lolote. Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi hakijui kitu.

La mwisho. Barua yako ya kwanza kutoka Kitwe ilitembea wiki mbili na nusu. Hii ya pili umeiandika Jumapili, nami nimeipata Jumanne. Madereva wanasema kutoka Kitwe kuja mpakani, lori likienda vizuri, ni siku tatu, na hapo halijagusa foleni. Sikuulizi. Nimekwambia sikuulizi.

Kaka yako,
Kasiani


27 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa kifua.

Umesema huulizi, halafu umeuliza. Haya. Ana mwanamke Kitwe na ana mtoto wa kiume ambaye bado hajaota meno. Nilibisha hodi akafungua yeye mwenyewe, na taulo begani. Hakukana. Alisema, "Mama Kabula, rudi nyumbani," kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha basi. Ningependa angenifokea. Nimemjua mwaka wa nane na sikujua kwamba ana upole wa namna hiyo.

Sasa niambie namwambiaje mtoto anayesogeza magunzi. Niliyemdanganya ni mimi. Mwanzoni ilikuwa wiki moja ya uongo, nikadhani Ngusa atafika na uongo utageuka kweli. Nikifika hapo mkono mtupu ataangalia nyuma yangu, atatafuta lile gunzi kubwa. Nimeiona picha hiyo kila siku tangu Agosti, naosha vyombo nayo, nakata nyama nayo.

Habari ya harusi nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa hasira. Mara ya tatu nilijiuliza ulivaa suti ipi. Sijui bado kama nimekusamehe, nitakwambia nikijua.

Barua kufika mapema ni madereva wazuri tu.

Ikupa


Isansa,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Ikupa,

Mahindi tumepanda, yameota, kunguru wameanza. Suti ilikuwa ya kahawia, ile ya kipaimara cha Luka mtoto wa shangazi.

Mkutano wa kwaya za Majilio mwaka huu ulikuwa ufanyike Vwawa. Nimewaomba uhamie Tunduma, kwenye uwanja ule wa juu unaotazama geti. Wazee wakauliza kwa nini, nikasema kwaya yangu ina wimbo wa mpakani na hauwezi kuimbwa Vwawa. Wamekubali ili ninyamaze. Ni Jumapili ijayo, tarehe moja Desemba, saa nane mchana. Tutalala kwa muumini mmoja nyuma ya soko na kuondoka na Raphaeli Jumatatu saa nne.

Nimeongea na fundi wa vyombo. Spika tatu zitatazama watu. Ya nne nimeomba itazame Nakonde, ng'ambo ya geti, upande wa Zambia. Fundi alisema upande ule hakuna mkusanyiko, nikamwambia aigeuze hivyohivyo.

Ubeti wa mwisho ataimba Kabula peke yake. Nimemuuliza kama anaogopa, akasema ataogopa akishamaliza. Magunzi ameyafunga kwenye kiroba, anakuja nayo yote arobaini na saba. Ruti amejaribu kumshawishi achukue mawili tu. Ameshindwa.

Ule uongo wako na mimi nimeusema kwa mdomo wangu miezi sita, kwa hiyo ni wetu sote wawili. Ukija kumweleza nitakaa hapohapo pembeni. Na ukija mkono mtupu, mikono yako ndiyo anayoijua yeye. Sina la zaidi.

Kasiani


Nakonde,
Jumapili, 1 Desemba 2024, jioni

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Salamu za nyumbani sitauliza, maana leo nimeziona kwa masikio.

Niko Nakonde tangu mwisho wa mwezi wa nane. Nilitoka Kitwe siku ya pili tu baada ya kumwona. Nilifika hapa, nikaliona geti, miguu ikagoma. Nikaomba kazi kwenye mgahawa wa mama mmoja Mnamwanga, nikasema ni kwa siku mbili hadi nijipange. Kutoka hapa hadi kwenye jiko langu la Tunduma ni dakika kumi kwa mguu. Miezi mitatu nimewapikia wateja wangu walewale upande wa pili wa barabara, na Deus ananiletea barua zako akiwa na kandambili. Ulijua. Ahsante kwa kujifanya huulizi, ingawa hujui kujifanya.

Saa nane nilikuwa nasugua sufuria nyuma. Nilijiambia sitasikiliza. Kwaya ya kwanza ikaimba, nikasugua. Ya pili nikasugua. Kisha nikasikia besi za Isansa, zile zinazoingia kama watu waliochelewa, nikaacha maji yakamwagika. Taa hatuzimi, mlango hatufungi. Na hapo kwenye noti ya juu hakuna aliyekunja sauti kaka, imepita laini kabisa.

Halafu akaimba peke yake. Foleni ni ndefu, chai ipo jikoni. Dereva mmoja aliyekuwa anakula ndani akatoka na kipande cha nyama mkononi akauliza huyo mtoto ni wa nani. Mama mwenye mgahawa alisema ni wa Tanzania. Mimi nikasema ni wangu. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao kwa miezi mitatu wananiita jina lisilo langu. Alipofika kwenye "mpakani, rudi" spika ilikwaruza kidogo, na nilikuwa nimeshavua aproni.

Nilikimbia hadi getini. Nikafika nikakumbuka pasi yangu ya kusafiria iko chini ya godoro, na askari akaniambia mama, leo Jumapili tumefunga mapema, njoo asubuhi. Kwa hiyo nimekaa hapa karibu na geti, upande huu, nakuandikia, na Deus ataivusha anapojua anapopita.

Nimemsamehe mwenye suti ya kahawia. Nimejua leo, kama nilivyosema nitakwambia. Wimbo wa harusi usiutafute tena, huu unatosha.

Kesho saa mbili geti linafunguliwa. Mwambie Raphaeli asiondoke hata akipiga honi namna gani. Nitakuja mkono mtupu, na Kabula akitazama nyuma yangu nitamwacha atazame hadi amalize, kisha nitakaa chini nimweleze, na wewe ukae pembeni kama ulivyoahidi.

Lakini leo kabla hajalala, mwambie afungue kile kiroba, alichukue lile gunzi dogo, alitoe kwenye foleni. Lile kubwa aliache kwanza.

Mdogo wako,
Ikupa